Unaenda Oman? Nguo za kubeba, za kuacha, na za kuvaa wapi

Swali la kwanza wadada wakishakata tiketi ya Muscat ni lile lile kila siku, je ni lazima nivae baibui? Hapana. Mgeni asiye Muislamu Oman halazimishwi kuvaa abaya wala kufunga ushungi akiwa barabarani, hakuna askari wa mavazi anayezunguka na fimbo, na sehemu ambayo utaambiwa ufunike kichwa ni msikitini. Ila hapo hapo ndo watu wanapopotea, wakisikia si lazima wanaona basi ni ruksa, wanajaza begi visketi na vitopu vya mikanda utadhani wanaenda Masaki ijumaa usiku. Jamani hapana. Kuna katikati, na kwa mtu aliyekulia ukanda wetu huu hiyo katikati sio ngumu kabisa, nusu ya nguo unazo tayari kabatini, kazi ni kujua ipi inafaa wapi na ipi inakudanganya.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu sheria. Oman ina sheria ya adhabu ya mwaka 2018 na ndani yake kuna kifungu kinachomgusa mtu anayejitokeza hadharani kwa namna inayovunja adabu na desturi za watu wa pale. Kwa maisha ya kawaida hutakamatwa kwa sababu ya sketi, kinachotokea ni mlinzi wa moli kukuonyesha bango la mlangoni lenye picha ya mabega na magoti yaliyofunikwa, au mama mtu mzima kukuangalia toka juu mpaka chini alafu anageuza uso, na Waomani ni watu wapole sana, hawatakufokea, hawatakupigia miluzi, ndo maana mgeni anaweza akazunguka mji mzima amevaa vibaya akadhani yuko sawa. Upole wao usikufanye ukajisahau.

Utakachokiona mtaani ni hivi. Wanaume wa Kiomani wamevaa dishidasha, yaani kanzu isiyo na kola, nyeupe mara nyingi lakini zipo za bluu, kahawia na kijivu, na shingoni inaning'inia kishada kidogo wanakiita furakha ambacho hutiwa manukato. Kichwani ni kumma, ile kofia ya kudarizi ambayo mtu wa Zanzibar au Lamu akiiona anajisikia yuko nyumbani, au wamepiga kilemba wanachokiita massar. Wanawake wengi wa mjini wako na abaya nyeusi na mtandio. Alafu humo humo katikati kuna Wahindi na sari zao, Wapakistani na shalwar kamizi, Wabangladeshi, Wafilipino na jinzi na tisheti, Wazungu na suruali za kitani. Kwa hiyo kuonekana mgeni sio tatizo, nusu ya watu unaopishana nao Muscat ni wageni. Usiende kule ukihangaika kufanana na Waomani, hangaika kuonekana umejistahi, basi.

Kipimo changu mi ni maneno matatu, pana, ndefu, haionyeshi. Watu wengi wanashika hilo la katikati tu, wanaona ndefu inatosha. Haitoshi! Gauni la kubana mpaka kwenye kifundo cha mguu linavuta macho kuliko sketi pana inayoishia kati ya goti na kifundo. Kabla hujaingiza nguo kwenye begi ivae, simama mlangoni jua likiwa mgongoni kwako, mtu akuangalie kwa mbele, kama anaona mapaja yako hiyo nguo haijafunika kitu hata ikiburuza chini. Ukimaliza hapo kaa sakafuni, sio kwenye kiti, sakafuni kabisa, alafu inuka, manake ukikaribishwa nyumba ya Kiomani una nafasi kubwa ya kukaa chini kwenye zulia na sketi ya kubana pale itakutesa saa nzima. Mwisho inua mikono juu uone tisheti inapanda mpaka wapi. Ukiona kiuno, ongeza kitu kirefu juu yake.

Sasa dera. Najua mtanijia juu hapa lakini wacha niseme. Madera yetu mengi ni kitambaa cha kupitisha upepo na macho, yaani bila shumizi ndani ni sawa na hujavaa, na lile shingo lake pana linateleza bega moja kila ukiinama. Muscat ukitoka na dera kwenda sokoni hakuna atakayekukataza ila wenye mji watakuona umetoka na nguo ya kulalia, kwa sababu kwao nguo ya namna ile ni ya ndani ya nyumba. Libebe, ndiyo, utalihitaji jioni ukiwa hotelini au kama umefikia kwa ndugu, lakini usilitegemee kuwa nguo ya kutokea. Ukishindwa kabisa kuachana nalo basi chagua lile zito lenye mikono mirefu, shumizi ndani, mtandio juu.

Vitenge je? Vitenge ni dhahabu. Gauni la kitenge la mkono mrefu au robo tatu, lililoachia, ni moja ya nguo bora unazoweza kubeba, kitambaa kizito hakionyeshi, pamba inapitisha hewa, na watu watakusifia njia nzima. Ubaya ni mishono yetu siku hizi, fundi anabana mpaka magotini alafu anaachia chini, mgongo wazi, bega moja nje. Hiyo iache kwa ajili ya sendofu ya shoga yako. Ukiwa na muda nenda kwa fundi mwezi mmoja kabla, mwambie akushonee mawili ya kuachia yenye mifuko, mifuko muhimu sana, na suruali pana moja ya kitambaa hicho hicho. Itakutoka pesa ndogo kuliko kwenda kununua nguo za safari dukani.

Kanga beba moja, hata mbili. Utajitanda kichwani ukikuta mlango wa msikiti wa kijiji uko wazi na umekaribishwa, utajifunika ndani ya basi maana viyoyozi vya kule havina huruma, utatandika ukila barabarani, utajifunga ukibadili nguo huko mabondeni. Ila soma jina la kanga kabla hujaibeba! Muscat kuna watu kibao wanaojua Kiswahili, familia zilizokuwa Zanzibar na bara zikahamia kule baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine wakarudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 akiwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi yao. Watoto na wajukuu wao bado wanaongea. Sasa we pita na kanga yenye mpasho wa kumtukana mke mwenzio uone wamama wanavyocheka. Na kwa sababu hiyo hiyo usije ukasimama sokoni ukaanza kusema nguo ya mtu kwa Kiswahili ukidhani umejificha, muuza duka atakujibu kwa Kiunguja kilichonyooka kuliko chako.

Kwa mdada wa wiki moja mi ningebeba hivi, suruali pana mbili, sketi ndefu moja, magauni mawili ya kitenge au pamba, mashati marefu ya mikono mirefu matatu yanayofunika makalio, mitandio miwili mmoja mwepesi mmoja mzito, na taiti moja nyeusi ya kuvaa ndani. Taiti ni ya ndani, sio suruali, naomba tuelewane hapo, taiti na tisheti fupi ni kati ya vitu vinavyoangaliwa vibaya kule hata kama hujaonyesha ngozi. Jinzi hazina shida zikiwa hazijakushika sana na hazijachanwa magotini. Abaya ukiwa nayo na unaipenda beba, Mkristo akivaa hakuna anayekasirika, na kuna siku ni rahisi kweli, unavaa juu ya chochote unatoka. Ila usinunue Kariakoo kwa ajili ya safari tu, subiri ukafike kule uchague mwenyewe.

Wanaume nao wasijifanye hili haliwahusu. Kaka zangu ndo wanaongoza kwa pensi. Mwanaume mtu mzima Oman mjini anavaa nguo inayofika chini, na pensi inayoachia goti inasomeka kama nguo ya mazoezini au ya mtoto. Hutafukuzwa ufukweni nayo, lakini sokoni, ofisini, nyumba ya watu, na kijijini hasa, vaa suruali. Vesti na singlendi za kuonyesha kwapa acha nyumbani kabisa. Tisheti ni sawa, jezi ya Simba au Yanga ni sawa na inaweza ikakupatia marafiki, ila angalia maandishi na picha, matusi, chupa za pombe, wanawake nusu uchi, siasa za nchi za watu, hayo yote hapana. Ukienda ofisi ya serikali kufuatilia karatasi zako vaa shati la kola na suruali na viatu vya kufunika, kwa sababu wao wenyewe mtumishi wa serikali wa Kiomani anakwenda kazini na dishidasha na kilemba, sasa we na kandambili unaonekanaje hapo.

Kanzu? Vaa kanzu yako, hasa ijumaa, ni nguo yako pia, umezaliwa nayo. Ninachokataa ni ile ya kwenda kununua dishidasha, kilemba na jambia kiunoni kisha unazunguka nalo mjini. Jambia, wao wanaliita khanjar, ni la harusi, sherehe za kitaifa na shughuli za heshima, liko mpaka kwenye bendera ya nchi, sio pambo la kupigia picha mtaani. Kumma nunua uvae, hiyo haina neno. Za mashine ni rahisi, za mkono bei yake itakushtua kidogo lakini ukiangalia vile vitundu vilivyodariziwa kimoja kimoja utaelewa pesa inakwenda wapi.

Msikiti mkuu

Hapa nikae kidogo manake ndipo watu wengi wanaporudishwa getini. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa 2001, na wageni wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia jumamosi mpaka alhamisi, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 5 asubuhi. Ijumaa hakuna. Saa tano ni saa tano kweli, ukifika saa nne na nusu utakimbizana na muda. Muislamu anayekwenda kuswali yeye anaingia wakati wa swala kama misikiti yote, ila mavazi ni yale yale.

Mwanamke anatakiwa afunike nywele zote, mikono mpaka kwenye kifundo cha kiganja na miguu mpaka kwenye kifundo. Robo tatu ya mkono inakataliwa. Gauni refu lenye mpasuo unaofika gotini linakataliwa. Mtandio wa kuonyesha nywele unaweza kukataliwa, na suruali ya kubana hata ikifika chini mlinzi anaweza kukurudisha. Wanaume suruali ndefu na mabega yafunikwe, mi nakushauri uvae mikono mirefu tu umalize maneno. Ukikosea, pale jirani na mlango kuna sehemu wanakodisha abaya na mitandio, sio msiba, ila ni hela ambayo ungeila samaki, na zile abaya zinapita miili mingi kwa siku.

Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia ukumbi wa kuswalia kwa hiyo vaa vya kutumbukiza, usivae raba zenye kamba ukaja kusimamisha foleni, na beba soksi safi maana vibaraza vya marumaru sehemu zenye jua vinaunguza nyayo. Ndani kuna zulia la kufumwa kwa mkono Iran lenye ukubwa zaidi ya mita za mraba 4,000, hutembei juu yake hovyo, wageni wametengewa njia yao. Mtandio bana kwa pini mbili kabla hujatoka hotelini, kwa sababu ukiinua kichwa kuangalia ile taa kubwa juu, na lazima utainua, mtandio wa hariri unateleza wote nyuma, alafu unaanza kuhangaika mbele ya watu. Mtandio wa pamba au wa kitambaa cha viscose haukimbii.

Jua, kiyoyozi na baridi ambayo hukuitarajia

Mtu wa Dar au Mombasa anasema mi joto nimelizoea. Sawa, twende mwezi wa sita Muscat tuone. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane joto linaweza kuvuka nyuzi 40 na bahari inaleta unyevu juu yake, upepo unaokupiga usoni una moto. Msimu mzuri wa kutembea ni mwezi wa kumi mpaka wa tatu, ingawa mwezi wa kumi bado mchana unavuka nyuzi 30, na kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa pili mchana unakuwa wa nyuzi ishirini na kitu na jioni kuna ubaridi mzuri. Kwenye joto kali nguo pana inayofunika ni bora kuliko kukaa wazi, jua halikufikii ngozi na hewa inazunguka ndani, hawa watu wa jangwani hawakuwa wajinga. Shida ni kitambaa, poliesta inakugandia mwilini jasho halitoki, pamba na kitani zinakusaidia, na abaya kama unanunua tafuta kitambaa cha nida au krepu nyepesi, usidanganyike na ile nzito ya kung'aa kwa sababu ya mawe ya mkononi.

Alafu unaingia moli. Kiyoyozi cha moli za Muscat ni friji, umetoka nje umelowa jasho dakika tano unatetemeka, kwa hiyo sweta jepesi au ule mtandio mzito uwe kwenye mkoba muda wote. Mabasi ya mikoani hivyo hivyo.

Ukipanda milimani hadithi inabadilika. Jebel Akhdar vijiji vyake viko juu kama mita 2,000, Jebel Shams ni karibu mita 3,000, na usiku wa mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza kunakuwa na baridi ya Makete, beba jaketi la kweli, soksi, na kitu cha kichwani. Jangwani Sharqiya mchana unaungua usiku unajikunyata, na viatu vya wazi mchanga unakuchoma. Na Salalah kule kusini, kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita mpaka wa tisa ni msimu wa kharifu, manyunyu na ukungu na majani ya kijani kila mahali, watu wa Ghuba wote wanakimbilia huko kupoa. Kule gauni la kuburuza ni adhabu, matope yanapanda mpaka magotini, vaa suruali na viatu visivyoteleza na koti la mvua jepesi. Mwavuli na upepo ule havielewani.

Kwenye maji

Hapa ndo pana mchanganyiko mkubwa kuliko pote. Bwawa la hoteli au ufukwe wa hoteli, vaa nguo ya kuogelea ya kawaida, hakuna tatizo, ukitoka tu kwenye eneo hilo jifunike, sio unapita mapokezi unachuruzika maji. Ufukwe wa wote kama Qurum ni wa familia, jioni vijana wanacheza mpira, wamama wamekaa na watoto na chai, hapo bikini hapana, wanaume nao vichupi hapana.

Kwenye wadi, yale mabonde yenye mito na mabwawa ya maji ya kijani, watu wanasahau kwamba pale ni kijijini kwa watu. Wadi Shab pale karibu na Tiwi, Wadi Bani Khalid, kote utakuta mabango ya kuomba wageni wavae kwa heshima, na mashamba ya mitende ya wenyeji yako hapo hapo pembeni. Mdada vaa ile taiti nyeusi na tisheti ndefu ya mikono, isiwe nyeupe, nyeupe ikilowa umekwisha. Burkini, lile vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa, kama unayo ndo safi kabisa, inakauka upesi. Kaka vaa bukta inayofika gotini na fulana. Wadi Shab unavuka kwa kiboti, unatembea mawe kwa mawe kama dakika arobaini hivi alafu unaogelea kufika pangoni, sasa huwezi kufanya hayo na ndala, unahitaji sendo zenye mkanda nyuma au raba za majini. Kanga au dera usiogelee nalo, linavuta maji linazunguka miguuni, na sehemu nyingine maji ni marefu, ni hatari sio utani. Nguo kavu ziache kwenye gari pamoja na mtandio, maana njia ya kurudi utasimama kununua maji au kujaza mafuta na hutaki kushuka umelowa.

Sokoni, nyumbani kwa watu, harusini

Souq ya Mutrah ni ya asubuhi na jioni, mchana karibu saa 7 mpaka saa 10 maduka mengi yanafungwa, na ijumaa asubuhi pia. Vichochoro vyembamba, watu wengi, moshi wa ubani, kwa hiyo vaa nguo ambayo haikamatwi na kila kitu unachopita na mkoba wa kuvuka kifua. Abaya zipo za kila bei, jaribu juu ya nguo uliyovaa, uliza kama wana fundi wa kupunguza urefu, maduka mengi wanakufanyia. Bei zungumza, lakini kwa adabu, mtu wa kule ukimpandishia sauti anakunyamazia tu. Ukienda Nizwa kwenye mnada wa mbuzi wa ijumaa asubuhi vaa viatu vya kufunika na nguo isiyogusa chini, sababu utaiona mwenyewe pale chini.

Ukikaribishwa nyumbani, viatu mlangoni. Mara nyingi wanaume wanakaa sehemu yao na wanawake yao, kahawa inakuja na tende na halua, na kabla ya kuondoka utapitishiwa udi, unainua mtandio au upindo wa shati kidogo moshi uingie. Mwanaume usinyooshe mkono kwa mwanamke kabla yeye hajanyoosha, weka mkono kifuani, umemaliza. Kwa wazee wenye asili ya Zanzibar toa shikamoo yako, wanaifurahia mno, wengine wataanza kukuuliza habari za Ng'ambo na Darajani.

Harusi sasa. Ukialikwa upande wa wanawake usije na lile gauni lako la kujistahi la kijivu ukaonekana umekuja msibani. Ndani ya ukumbi wa wanawake abaya zinavuliwa, na ukiona kilichokuwa chini yake utapigwa butwaa, mawe, hariri, dhahabu mpaka kiunoni, migongo wazi. Watu wa mwambao mnalijua hili, ni kama zetu tu. Vaa uzuri wako wote, juu yake abaya au kanga kubwa mpaka umeshaingia ndani, na simu ibaki kwenye pochi, kupiga picha wanawake wakiwa wamefungua vichwa ni kosa ambalo hawatakusamehe.

Kuna sehemu moja ambayo tatizo sio kujifunika, ni kupendeza. Nyumba ya Opera ya Muscat iliyofunguliwa 2011, ukienda kwenye onyesho la jioni mwanaume anatakiwa suti au koti na viatu vya ngozi, au vazi la taifa lake, jinzi na raba wanakurudisha. Na hapo sasa ndo mahali pa kutoa kitenge chako kizuri au kanzu na koti, huo ukumbi unavipenda.

Ramadhani ikiangukia safari yako ongeza staha kidogo kwa kila kitu, mikono mirefu hata siku ambayo ungevaa mifupi, na usile wala kunywa wala kuvuta sigara hadharani mchana, hilo nalo liko kisheria. Jioni mji unafufuka, watu wanavaa vizuri sana kuanzia baada ya taraweh.

Na haya yote ni ya Oman. Usiyabebe ukayapeleka kila nchi ya Kiislamu. Iran kufunika kichwa ni sheria kwa mwanamke yeyote, mgeni na mwenyeji, Saudia tangu walipofungua viza za utalii 2019 mgeni halazimiki abaya lakini nguo iwe pana na ya heshima, Dubai wamelegeza zaidi, Sharjah hapo jirani tu wamekaza. Kwa mtu anayeunganisha ndege au kupitia nchi mbili, panga begi kwa ile iliyokaza.

Ndani ya ndege beba mtandio na sweta kwenye begi la mkononi, saa tano na ushee kutoka Dar na kiyoyozi juu ya kichwa si mchezo, na begi kubwa likichelewa unakuwa na kitu cha kuanzia. Losheni ya jua na miwani nunua nyumbani. Nguo usijaze sana, madobi Muscat wako kila mtaa, wanafua na kupiga pasi kwa siku moja na bei yao haiumi, ila waandikie kabisa kwamba kitenge kioshwe kwa maji baridi na peke yake, rangi ikitoka ikaingia kwenye dishidasha nyeupe ya mteja mwingine mtakuja kuelewana vibaya. Siku ya msikiti usiiweke ya mwisho wa safari, iweke jumapili au jumatatu asubuhi, ili ukirudishwa getini kwa ajili ya mikono mifupi uwe na kesho ya kurudi.